Kuvunja na Kutengeneza: Droni za Masafa Marefu na Vita vya Mafuta

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa Mombasa. Umechapishwa kama ulivyosemwa, ila umepunguzwa kidogo.)

  

Nimeombwa nizungumzie droni za masafa marefu na jinsi zinavyotumiwa kushambulia mafuta ya adui. Kusudi langu ni kuonyesha kwamba vita hivi, ambavyo kwenye runinga ni ndimi za moto na moshi mweusi, kwa ndani ni mashindano baina ya anayevunja na anayetengeneza. Anayetaka kujua nani anashinda asihesabu mioto. Ahesabu siku ambazo kiwanda kinakaa bila kazi. Mfano wangu mkubwa ni vita vya Urusi na Ukraine, maana huko ndiko silaha hii imetumika kwa wingi na kwa muda mrefu kuliko kwingine kokote. Nitapita Saudia na Sudan. Kwetu nitafika mara mbili tu: mara moja kwa sababu ya bei ya dizeli, na mara ya pili kwa sababu ya mabinti zetu.

Hoja ya kwanza: Tutazame kilichopigwa

Kiwanda cha kusafisha mafuta kina sehemu nyingi, na ya kwanza kuonekana kwa mpita njia ni matangi. Tangi likipigwa huwaka vibaya, na picha yake huzunguka dunia kabla ya adhuhuri. Lakini tangi ni bamba la chuma lililokunjwa na kuchomelewa. Mafundi wanalijua, bamba linapatikana, na kwa kawaida yapo matangi mengine ya kutumia wakati lile linajengwa upya.

Moyo wa kiwanda uko kwenye mnara wa kukenekea. Mafuta ghafi hupashwa moto kwenye tanuri mpaka yafike nyuzi 350 hivi za Selsiasi, kisha huingizwa sehemu ya chini ya mnara, na mvuke wake ukapanda. Vilivyo vyepesi hufika juu kabisa, na huko ndiko petroli inakoanzia. Chini yake hutoka mafuta ya taa na ya ndege. Chini zaidi dizeli. Masazo mazito hubaki kitakoni. Waliowahi kuingia kiwanda cha makonyo kule Chake Chake, wakaona mafuta ya karafuu yakitolewa kwa mvuke, wameshaiona kanuni yenyewe. Tofauti ni kwamba mnara huu hauzimwi jioni ukawashwa asubuhi. Unaenda usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, na kila mtambo unaofuata unakula kile mnara ulichoutengea. Ukisimama, kiwanda kizima kinakaa kimya hata kama hakuna tangi lililokwaruzwa.

Wapo humu ukumbini waliofanya kazi Changamwe kabla kiwanda chetu hakijafungwa mwaka 2013. Hao hawahitaji kuelezwa maana ya mnara kusimama ghafla.

Sasa twende Kstovo, karibu na mji wa Nizhny Novgorod, mashariki ya Moscow. Hapo pana kiwanda cha kampuni ya Lukoil kinachojulikana kwa jina la Norsi, kimojawapo cha viwanda vikubwa vya petroli nchini Urusi. Januari 2024 kiliharibikiwa na kompresa katika mtambo unaogeuza mafuta mazito kuwa petroli. Haikuwa droni, ilikuwa hitilafu ya kawaida ya kiufundi. Lakini mtambo ulitegemea teknolojia ya nchi za Magharibi, na vikwazo vilivyowekwa baada ya uvamizi wa Februari 2022 vilikuwa vimeshafunga njia ya vipuri na ya wataalamu. Hitilafu ambayo zamani ingemalizwa kwa simu moja na shehena ya ndege ikageuka kazi ya miezi. Kisha tarehe 12 Machi droni za Ukraine zikafika Kstovo na kupiga mnara mkubwa wa pale, aina ambayo Warusi huiita AVT-6, namba hiyo ikimaanisha tani milioni 6 za mafuta ghafi kwa mwaka. Siku iliyofuata ikapigwa Ryazan.

Tafakarini uwiano wenyewe. Droni yenye kilo 50 au 75 za vilipuzi haiwezi kubomoa kiwanda kilichotandaa kama mtaa mzima. Inachoweza ni kutoboa mnara mmoja uliojaa mvuke wa mafuta uliopashwa moto. Kazi iliyobaki hufanywa na mafuta yenyewe.

Makadirio ya mwisho wa Machi 2024 yalisema asilimia 10 hadi 15 ya uwezo wa Urusi wa kusafisha mafuta ulikuwa umesimama, na Urusi yenyewe ilikuwa imeshapiga marufuku kuuza petroli nje kuanzia tarehe 1 Machi. Wengi waliona mwisho umekaribia. Haukukaribia. Kufikia katikati ya Aprili mafundi wa Kirusi walikuwa wamerudisha sehemu ya mitambo ile kazini. Walihamisha kazi kwenye minara iliyokuwa haitumiki na wakaziba palipozibika. Nawaomba msiidharau kazi ya mafundi wale kwa sababu tu ya kuvichukia vita vilivyoanzishwa na serikali yao. Asiyehesabu uhodari wa fundi wa upande wa pili hesabu yake yote itamtoka kombo.

Ukraine ilijifunza. Mwaka 2025 mtindo ulibadilika: kiwanda kinapigwa, kinaachwa kitengenezwe, kikikaribia kurudi kinapigwa tena. Agosti ya mwaka huo zilipigwa Ryazan, Novokuibyshevsk, Saratov, Volgograd na Syzran, na baadhi yake hazikuwa zinaonja droni kwa mara ya kwanza. Septemba ilifika zamu ya Kirishi, kiwanda kikubwa cha kaskazini-magharibi. Mwaka huo ndipo matokeo yalipomfikia raia. Crimea iliweka mgawo wa lita 30 za petroli kwa mnunuzi, foleni zikaonekana hadi Mashariki ya Mbali ya Urusi, na marufuku ya kuuza petroli nje ikabanwa mpaka ikawashika hata wenye viwanda. Mnara uliotobolewa mara moja hutengenezwa. Mnara unaotobolewa kila baada ya wiki kadhaa hulazimisha swali la kama kuna haja ya kuutengeneza.

Hoja ya pili: Umbali hauikingi mali tena

Kushambulia mafuta ya adui ni jambo la zamani. Tarehe 1 Agosti 1943 Marekani ilirusha ndege 177 za B-24 kutoka Benghazi, Libya, kwenda kuvunja viwanda vya Ploiești, Romania, vilivyokuwa vikiilisha mafuta Ujerumani ya Hitler. Zaidi ya ndege 50 zilipotea siku ile, na katika kila moja walikuwamo vijana wapatao kumi. Watu zaidi ya 300 walikufa. Baada ya wiki chache mafuta yalikuwa yanatoka tena kama kawaida, kwa sababu Ploiești ilikuwa na uwezo wa ziada uliokuwa umekaa bure. Kwa hiyo kanuni ya kuvunja na kutengeneza ni ileile. Kilichobadilika ni gharama ya kujaribu tena.

Droni aina ya FP-1 ya kampuni ya Fire Point ya Ukraine inasemwa na watengenezaji wake kuwa inagharimu dola 55,000 hivi, na inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1,000. Haina rubani wa kuzikwa. Zikitunguliwa tisa kati ya kumi, na iliyobaki ikafika kwenye mnara, aliyezituma hajapata hasara. Ukraine ilifika hapo kwa kupapasa. Juni 2022 droni iliyofanana na zile zinazouzwa madukani ilijibamiza kwenye kiwanda cha Novoshakhtinsk, jirani kabisa na mpaka. Aprili 2024 ilitumika ndege ndogo ya michezo ya viti viwili, Aeroprakt A-22, iliyogeuzwa iruke yenyewe, nayo ikafika Tatarstan, zaidi ya kilomita 1,100 ndani. Oktoba 2025 ilipigwa Tyumen, huko Siberia, takriban kilomita 2,000 kutoka mpakani. Viwanda vya Siberia na vya mto Volga vilijengwa kwa imani kwamba adui hawezi kufika, na imani hiyo ilikuwa ya haki kwa muda wa miaka themanini.

Mlinzi ana shida ambayo mshambuliaji hana. Urusi ina kilomita za mraba milioni 17. Viwanda vimetawanyika, na kila kimoja kinadai mizinga na makombora yake, wakati mistari ya mbele nayo inavihitaji vitu hivyohivyo. Kwa hiyo wanafunika matangi kwa nyavu na vizimba vya vyuma. Viwanja vya ndege vinafungwa kwa saa nzima droni zikionekana. Tangu 2025 mikoa mingi imezoea intaneti ya simu kuzimwa ili droni zisiutumie mtandao huo kujielekeza. Mtu wa mji wa mbali kabisa na vita anashindwa kulipia teksi kwa simu yake. Gharama hiyo haionekani kwenye picha ya moto, lakini inalipwa kila siku.

Sisemi haya kumtukuza yeyote. Urusi ndiyo iliyotangulia: Aprili 2022 makombora yake yaliviharibu viwanda vya mafuta vya Kremenchuk na Odesa, na majira yale ya kuchipua madereva wa Ukraine walipanga foleni ndefu. Toka Septemba 2022 ikaanza kurusha droni za Shahed za Iran, ambazo sasa inaziunda yenyewe kwa jina la Geran. Ni kitu cha mita tatu na nusu kwa urefu, mabawa ya pembetatu yenye upana wa mita mbili na nusu, kilo 200 hivi kwa uzito, na injini ndogo nyuma yenye panga boi. Kwa mlio wa injini hiyo watu wa Kyiv waliipa jina la pikipiki ndogo, mopedi, na wakiusikia usiku huwaingiza watoto kwenye vyoo na korido za ndani, mbali na madirisha.

Hoja ya tatu: Mafuta ghafi na mafuta safi hayapandi bei pamoja

Hapa naomba utulivu, maana ndipo tunapokosea tunapobishana barazani.

Tarehe 14 Septemba 2019 droni na makombora yaliangukia Abqaiq na Khurais, Saudia. Wahouthi wa Yemen walijitangaza kuwa ndio waliofanya. Saudia na Marekani ziliinyooshea kidole Iran, nayo ikakana. Abqaiq haisafishi petroli. Kazi yake ni kuyatoa mafuta ghafi gesi yenye sumu kabla hayajapakiwa melini, na sehemu kubwa ya mafuta ya mashariki ya Saudia hupita pale. Mapipa milioni 5.7 kwa siku yalisimama, kiasi cha asilimia 5 ya mafuta ya dunia, na Jumatatu yake bei ya mafuta ghafi ikaruka kwa karibu asilimia 15. Lakini Saudia ilikuwa na akiba kwenye matangi, vipuri kwenye maghala, na fedha za kumleta fundi yeyote duniani. Kabla ya mwezi kwisha mafuta yalikuwa yamerejea na bei imeshuka. Huyo ndiye mtengenezaji mwenye nguvu.

Ukraine ilipopiga viwanda vya kusafishia, jambo lilienda kinyume. Mafuta ghafi yasiyosafishwa hayapotei. Hupakiwa na kuuzwa nje. Kwa hiyo bei ya mafuta ghafi inaweza kutulia, hata kushuka, wakati dizeli na petroli zinapanda. Waziri wa Ulinzi wa Marekani wa wakati ule, Lloyd Austin, aliliambia Baraza la Seneti Aprili 2024 kwamba mashambulizi hayo yangeweza kugusa soko la nishati la dunia, na kwamba Ukraine ingefaidika zaidi kwa kupiga malengo ya kijeshi ya karibu. Kyiv haikukubali. Mwaka uliofuata ikaongeza bandari: Ust-Luga na Primorsk kwenye Baltiki, Novorossiysk kwenye Bahari Nyeusi. Hizo ndizo njia za mafuta ghafi, na ndizo zinazoingiza fedha za kulipia vita. Ikapiga pia kituo cha pampu cha Unecha, na bomba la Druzhba likanyamaza kwa Hungary na Slovakia, ambazo ni wanachama wa Umoja wa Ulaya. Malalamiko yalikuwa makali.

Sisi tumekaa wapi? Afrika Mashariki hainunui mafuta ghafi. Changamwe imefungwa, na TIPER ya Dar es Salaam iliacha kusafisha zamani, imebaki ghala. Tunanunua petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa. Tangu 2023 shehena kubwa za Kenya zinatoka kwa kampuni tatu za Ghuba: Aramco, ADNOC na ENOC. Mbili kati ya hizo zimeshaonja droni, Aramco pale Abqaiq na ADNOC katika ghala lake la Musaffah, Abu Dhabi, Januari 2022, ambapo wafanyakazi watatu wa kigeni walikufa. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mafuta ghafi yameshuka na anashangaa kwa nini bei katika tangazo la EPRA, mdhibiti wa Kenya, la tarehe 14, au la EWURA ya Tanzania la Jumatano ya kwanza ya mwezi, haikushuka, mwambieni atazame viwanda, aache kutazama visima. Wizi na kodi zipo, sizikani. Ila zisitufanye tusahau kwamba mnara uliotobolewa mbali na kwetu unaweza kuwa ndani ya bei ya lita ya dizeli hapa Kongowea.

Jirani yetu mmoja ameumia zaidi ya bei. Sudan Kusini haina bahari. Mafuta yake hupita kwenye mabomba ya Sudan mpaka Port Sudan. Mafuta ya Upper Nile ni mazito, yana nta, yakipoa yanaganda. Februari 2024, kwa sababu ya vita vya Sudan, vituo vya pampu vilikosa dizeli, mafuta yakaganda bombani, na kwa karibu mwaka mzima serikali ya Juba ikakosa sehemu kubwa ya mapato yake. Hakukuwa na droni hapo. Lilikosekana lori la dizeli. Kisha Mei 2025 droni ziliifikia Port Sudan yenyewe, mji uliodhaniwa uko mbali na vita, na maghala ya mafuta yakawaka siku kadhaa. Bomba letu la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, litabeba mafuta ya aina hiyohiyo yenye nta, yanayopashwa moto njia nzima. Bomba likitoboka huzibwa. Pampu na mitambo ya kupasha moto ndiyo ya kuogopea.

Hoja ya nne: Mikono inayoziunda

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja hapa leo.

Ndege ile ya viti viwili niliyoitaja, iliyofika Tatarstan tarehe 2 Aprili 2024, haikulenga kiwanda cha mafuta. Siku hiyo Ukraine ilipiga mahali pawili. Nizhnekamsk ilipigwa kwa ajili ya kiwanda cha mafuta cha Taneco. Yelabuga ilipigwa kwa ajili ya eneo la viwanda la Alabuga, ambako ndiko zinakoundwa zile Geran. Kilichopigwa Yelabuga kilikuwa bweni. Ndani ya bweni walikuwamo wasichana wa Kiafrika, na waliojeruhiwa walikuwapo. Mmoja, aliyejitambulisha kuwa ametoka Kenya, alionekana kwenye video akiwalaani walioshambulia.

Walifikaje huko? Shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi wake Oktoba 2024. Mpango uitwao Alabuga Start ulitangazwa kwenye mitandao ya kijamii kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22: tiketi ya bure, mshahara, kusoma huku ukifanya kazi, kazi zenyewe zikiwa za hoteli, upishi na mengineyo. Mtihani wa kuingia ulikuwa mchezo wa kompyuta na maneno mia moja hivi ya Kirusi. Walitoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Nigeria, Sierra Leone, na wengine Sri Lanka. Walipofika, wengi waliwekwa kwenye mstari wa kuunda droni. Walieleza juu ya saa ndefu, kusimamiwa kila dakika, mshahara uliopungua kuliko ahadi, na kemikali iliyowachoma nyuso mpaka mashavu yakatoka vitobo vidogo.

Mabibi na mabwana, nimesema vita hivi ni vya anayevunja na anayetengeneza. Anayevunja naye anahitaji mikono ya kuunda cha kuvunjia, na mikono ilipopungua Urusi ilikuja kuitafuta kwetu, miongoni mwa mabinti wanaotuma maombi ya kazi kwa simu. Binti anayepaka kemikali ile kwenye bawa anasaidia, bila kujua au kwa kujua nusu, kuzima umeme wa mama mwingine huko Kharkiv. Naye mwenyewe, akilala bwenini, yumo ndani ya masafa ya droni ya upande wa pili. Hana sare ya jeshi, hakula kiapo, na hakuna ubalozi uliomweleza kabla hajapanda ndege kwamba pahali anapokwenda ni shabaha. Niliyasoma maelezo yale kwa uchungu, na uchungu huo haujanitoka. Hawa ni watoto waliosoma shule zetu.

Hoja ya tano: Sheria

Hapa nitakuwa mfupi, mawakili mtaendeleza. Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, inayakinga mabwawa, kingo za maji na vinu vya umeme wa nyuklia kwa kuvitaja. Viwanda vya mafuta havimo. Kwa hivyo hurudi kwenye kipimo cha kawaida cha kifungu cha 52: je, kitu hiki kinachangia kwa dhati vita vya adui, na je, kukiharibu kunaleta faida halisi ya kijeshi? Ghala la Engels, lililowaka kwa siku tano Januari 2025, lilikuwa linauhudumia uwanja wa ndege zinazorusha makombora Ukraine. Hapo jibu si gumu, ingawa wazimamoto wawili walikufa. Kituo cha mafuta cha mjini kinachouzia mabasi kina jibu lingine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati mwaka 2024 za kuwakamata makamanda wa Urusi, na Juni mwaka huo Sergei Shoigu, aliyekuwa waziri wa ulinzi, na mkuu wa majeshi Valery Gerasimov, kwa mashambulizi dhidi ya mfumo wa umeme wa Ukraine. Kwa mafuta bado hakuna kesi ya namna hiyo. Maoni yangu ni kwamba kiwanda cha mafuta ni shabaha halali pale kinapolisha jeshi, na mshambuliaji bado anabanwa kuchagua saa, sehemu na silaha itakayowaponyesha wafanyakazi wa zamu. Bweni la vibarua, hata likiwa mlangoni mwa kiwanda cha silaha, silikubali kuwa shabaha.

Ya mbele

Silaha hii haitarudi stoo. Ndani ya miaka michache droni za kuwinda droni zitakuwa jambo la kawaida, na bei ya kujilinda itashuka, ingawa kwa upande wa mshambuliaji pia bei itashuka. Sudan imetuonyesha kwamba si lazima uwe dola kubwa ili uipate.

Kwa upande wetu nina mambo mawili tu. La kwanza ni la wizara za kazi na za mambo ya nje za nchi zetu zote, kuanzia Kampala hadi Kigali na Nairobi: ajira yoyote ya ng'ambo inayomtaka binti wa miaka 18 kwa tiketi ya bure ithibitishwe mahali pa kazi, kwa jina la kiwanda na aina ya bidhaa, kabla pasipoti haijagongwa muhuri. Wazazi mlio hapa, swali la kumuuliza wakala ni moja: mnaunda nini huko?

La pili ni lenu, wanafunzi wa uhandisi. Kuanzia gati la Kipevu mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi mpaka Eldoret, kuna pampu, transfoma, vali na mitambo ya kudhibiti. Kila kimoja kina muda wake wa kuagizwa na kufika. Nataka orodha ifanywe ya vile vinavyochukua muda mrefu zaidi kupatikana, ikabidhiwe kwa wanaohusika na ifungiwe humo, kisha vitano vya mwanzo vinunuliwe na viwekwe ghalani hapa nchini. Vivyo hivyo kwa Tanga kabla bomba halijajaa mafuta. Hiyo ni kazi ya muhula mmoja, na wahadhiri wenu wapo hapa wa kuisimamia.

Mwenyekiti, nakurudishia kikao. Niko tayari kwa maswali, na ningependa wa bandarini waanze.